Mashimo chini ya macho: sindano inajaza nini, na inaweza kuharibu nini

Kule Kinsevere, kilometa 30 hivi kaskazini ya mji wa Lubumbashi, mgodi wa shaba unafanya kazi mchana na usiku. Mtu akitoka zamu ya usiku, jirani anamwangalia usoni na kumwuliza: "Haukulala? Uko mugonjwa?" Mara nyingi si mgonjwa. Ni macho tu yanaonekana yameingia ndani, na chini yake kuna kivuli kinachomfanya aonekane mchovu hata siku ya mapumziko.

Juu ya shida hiyo, watu wengi wanaona kwenye telefone video za sindano: dakika kumi na tano, uso wa zamani upande huu, uso mpya upande ule. Wengine wanauliza kama inawezekana kufanya hivyo Lubumbashi, Lusaka, Nairobi ao Johannesburg. Jibu fupi ni hili: sindano hiyo ipo, na kwa watu fulani inafanya kazi vizuri. Lakini ni kazi ya munganga, si ya saloni, na hatari yake kubwa kabisa ni kupoteza jicho. Kwa hiyo swali la kwanza lisiwe la bei.

Shimo hilo ni nini?

Ngozi ya chini ya jicho ni kati ya ngozi nyembamba kuliko zote mwilini. Chini yake kuna misuli, mafuta kidogo, kisha mfupa. Toka kwenye kona ya jicho karibu na pua, kuna mfereji unaoteremka kuelekea shavu. Kwa Kifaransa watu wanasema "cernes", na ule mfereji wenyewe wanganga wanauita mfereji wa machozi, hata kama machozi hayatoki humo.

Kuna watu wanazaliwa nao: ukiangalia baba na shangazi, uso ni ule ule. Kwa wengine unakuja na miaka, kwa sababu mafuta ya shavu yanapungua na kuteremka, na mfupa wenyewe unabadilika. Kupungua uzito haraka kunauonyesha zaidi.

Historia moja inagusa familia nyingi za Afrika. Katika miaka ya 2000, wagonjwa wengi wa ukimwi walipewa dawa inayoitwa stavudine. Iliokoa maisha, lakini kwa wengine ilikula mafuta ya uso: mashavu yakabonyea, macho yakaingia ndani, na majirani wakaanza kunong'ona. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani, OMS, liliomba nchi ziiache polepole. Huko Marekani, mwaka 2004, dawa moja ya kujaza uso ilikuwa imekubaliwa kwa ajili ya wagonjwa hao hao. Kwa hiyo kujaza uso si mambo ya wasanii na matajiri tu. Kuna watu waliotaka tu kupita njiani bila kusomwa ugonjwa wao usoni.

Kama macho yameingia ndani ghafla

Hapa tusimame kidogo. Shimo la urembo linakuja polepole, kwa miezi na miaka. Macho ya mtoto yakiingia ndani kwa siku moja ao mbili, na anaharisha ao anatapika, hiyo ni alama kwamba maji yamekwisha mwilini. Haut-Katanga, Tanganyika, Haut-Lomami na Kivu ya Kusini ni majimbo yanayojua kolera vizuri. Mtoto huyo, na hata mtu mzima, anahitaji maji yenye chumvi na sukari ya kituo cha afya, yale ya SRO, na kupelekwa kwa munganga mara moja. Mambo ya kioo yatangoja.

Vile vile mtu mzima ambaye macho yake yamebadilika kwa wiki chache, anapungua uzito, anakohoa, ana homa ya usiku, ao anachoka akipanda ngazi, aanze na vipimo: damu, kifua kikuu, sukari, ukimwi. Ukijaza shimo kabla ya kujua kilicholichimba, unaficha ugonjwa.

Jaribio la kioo

Si kila weusi chini ya jicho ni shimo. Kuna aina tatu, na sindano inasaidia moja tu.

Simama mbele ya kioo mchana, na mwanga uje usoni moja kwa moja, usitoke juu. Kama weusi unapungua sana, ulikuwa kivuli: hilo ni shimo, na ndilo linaloweza kujazwa. Kama weusi unabaki palepale, vuta ngozi polepole kwa kidole. Rangi ikifuata ngozi, ni rangi ya ngozi yenyewe. Hiyo inakuja kwa urithi, kwa jua, ao kwa kusugua macho kila siku juu ya vumbi na mizio. Sindano ya kujaza haiondoi rangi.

Aina ya tatu ni mfuko: nyama imevimba chini ya jicho, asubuhi zaidi kuliko jioni. Hapo kujaza kunaweza kuzidisha uvimbe, kwa sababu dawa inayotumiwa inavuta maji. Kwa mfuko mkubwa, wanganga wanafikiria upasuaji mdogo wa kope, si kujaza.

Watu wengi wana aina mbili kwa pamoja. Munganga mwenye kusema ukweli atakuambia ni sehemu gani itabaki hata kisha ya sindano.

Ndani ya sindano kuna nini?

Dawa inayotumiwa zaidi chini ya macho ni asidi ya hialuroniki. Kwenye makaratasi ya Kifaransa utaona "acide hyaluronique". Isiogopeshe kwa jina la asidi: ni kitu kinachopatikana mwilini mwa kila mtu, kwenye ngozi, viungo na macho, na kazi yake ni kushika maji. Karl Meyer na John Palmer waliitoa kwa mara ya kwanza mwaka 1934 ndani ya macho ya ng'ombe, kwenye Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Leo inatengenezwa kiwandani, na inafungwa kuwa kama jeli ili isiyeyuke haraka.

Kabla yake watu walijaribu mengi. Mwaka 1893 munganga Neuber wa Ujerumani alichukua mafuta ya mkono wa mgonjwa na kujaza makovu ya uso. Kisha ikaja nta ya parafini, ambayo iliacha vinundu na majeraha mabaya. Mwaka 1981 Marekani ilikubali kolajeni ya ng'ombe. Jeli ya kwanza ya asidi ya hialuroniki, Restylane, ilikubaliwa huko mwishoni mwa mwaka 2003.

Lakini kwa chini ya macho hasa, ruhusa ilichelewa. Ni mwaka 2022 tu ndipo Marekani ilipokubali Juvéderm Volbella kwa mashimo ya chini ya macho, kwa watu wenye zaidi ya miaka 21. Restylane Eyelight ilifuata mwaka 2023. Kwa miaka karibu ishirini wanganga walikuwa wanaitumia hapo kwa ujuzi wao wenyewe. Kuchelewa huko kunaonyesha kwamba sehemu hii ya uso si rahisi.

Namna inavyofanywa

Munganga anasafisha ngozi, anapaka dawa ya ganzi, kisha anaingiza jeli kidogo sana ndani kabisa, karibu na mfupa. Wengine wanatumia sindano ya kawaida, wengine mrija mwembamba wenye ncha butu. Kwa kila jicho mara nyingi inatosha nusu mililita ao chini ya hapo. Kazi inachukua chini ya saa moja, na mtu anarudi nyumbani siku hiyo hiyo.

Matokeo yanadumu karibu mwaka, kwa wengine zaidi, kisha yanapungua. Maana yake ni gharama inayorudi. Huko Marekani sindano moja inauzwa mara nyingi kati ya dolari 600 na 1,000. Mtu akikuahidi kazi hiyo hiyo kwa bei ya kusuka nywele, ujiulize ni nini kimepunguzwa: dawa, usafi, ao munganga mwenyewe.

Shida ndogo zinajulikana: uvimbe na alama ya damu kwa siku chache, upande mmoja kuwa mkubwa kuliko mwingine, vinundu, na rangi ya bluu kama jeli imewekwa juu juu. Uvimbe mwingine unakuja miezi kisha, sana sana mtu akipata homa ao maambukizi. Nyingi kati ya hizo zinarekebishwa, na hapa asidi ya hialuroniki ina faida kubwa kuliko dawa nyingine: ina dawa yake ya kuiyeyusha, hialuronidaze.

Mshipa ukizibwa

Hatari yenyewe ni hii. Uso umejaa mishipa ya damu, na mishipa ya karibu na pua na macho imeungana na ule unaolisha jicho kwa ndani. Ncha ya sindano ikiingia ndani ya mshipa na jeli ikasukumwa kwa nguvu, inaweza kurudi nyuma na kuziba damu ya jicho. Mtu anapofuka papo hapo, akiwa bado kwenye kiti. Jeli ikifika mbali zaidi, ubongo pia unaweza kukosa damu.

Ni jambo la nadra. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2015 ulikusanya kesi 98 za macho yaliyoharibika kutoka nchi mbalimbali, na ule wa mwaka 2019 ukaongeza kesi mpya 48. Sindano zinazopigwa duniani ni mamilioni. Sehemu zilizoleta shida zaidi ni pua na katikati ya nyusi, lakini chini ya macho pia si salama kabisa. Kati ya wale waliopofuka, wengi hawakupata tena kuona, hata walipotibiwa.

Alama ni hizi: kuona giza ao vitu viwili viwili, maumivu makali, ngozi kuwa nyeupe ghafla ao kuonyesha madoa ya zambarau kama wavu, kope kuanguka, kichwa kuuma sana na kutapika, mkono ao mdomo kulegea. Hapo sindano inasimamishwa mara moja, hialuronidaze inapigwa bila kungoja, na mgonjwa anapelekwa kwa munganga wa macho.

Hesabu ya dakika

Majaribio juu ya nyani yalionyesha kwamba ile sehemu ya nyuma ya jicho inayopokea mwanga inavumilia kukosa damu karibu dakika 90. Kuna wanganga wanaohesabu muda mfupi zaidi.

Sasa tufanye hesabu ya kwetu. Tuseme mtu anapigwa sindano nyumbani Kinsevere, na mtu aliyekuja na kisanduku chake. Jicho linazima. Kwanza mpiga sindano aelewe kilichotokea, asiseme tu "ngoja itapita". Kisha gari ao pikipiki ipatikane, kilometa 30 zikatwe, foleni za Lubumbashi zipitwe. Kisha munganga wa macho aitwe. Kisha hialuronidaze itafutwe, kwa sababu si dawa inayokaa kwenye kila famasia. Dakika 90 zinakwisha njiani.

Ndiyo maana wanaoijua kazi hii wanasema dawa ya kuyeyusha lazima iwe ndani ya chumba kile kile, kabla sindano haijafunguliwa. Anayekuambia "nitaituma ikihitajika" hajui hesabu ya dakika.

Wanaosafiri nao wana hesabu yao. Munganga wa Lusaka ao wa Johannesburg anaweza kuwa mzuri, lakini vinundu na uvimbe vinaweza kuja miezi kisha, wakati mgonjwa amerudi nyumbani. Anayesafiri arudi na karatasi yenye jina la dawa, kiasi kilichowekwa, sehemu na tarehe. Bila karatasi hiyo, munganga wa Lubumbashi hatajua kama kilichomo ndani kinayeyushwa ao la.

Vitu visivyoyeyuka

Hialuronidaze inayeyusha asidi ya hialuroniki tu. Haiyeyushi mafuta ya mwili, jeli ya kalsiamu, wala silikoni. Katika zile kesi 98 za mwaka 2015, karibu nusu zilitoka kwa sindano za mafuta ya mtu mwenyewe.

Silikoni ya maji ni mbaya zaidi. Wanaiuza kwa bei ndogo kwa kukuza mwili, inatembea chini ya ngozi na kutengeneza vinundu vigumu ambavyo upasuaji unashindwa kuvitoa vyote. Mwaka 2017 Marekani ilionya wazi juu ya silikoni inayopigwa kwa kubadilisha umbo la mwili. Mwaka 2021 ilionya tena, safari hii juu ya zile kalamu zinazosukuma jeli kwa mgandamizo bila sindano, zinazouzwa kwenye intaneti ili mtu ajifanyie nyumbani.

Wengine wanatangaza sindano ya damu ya mtu mwenyewe. Shida hapo ni usafi. Huko Albuquerque, Marekani, wateja wa spa moja isiyo na leseni walipata virusi vya ukimwi kwa njia hiyo. Kesi ya kwanza ilijulikana mwaka 2018, na ripoti kamili ya serikali ilitoka mwaka 2024. Vifaa vilivyopaswa kutupwa vilitumiwa tena.

Karibu na kwetu, Nairobi, mwezi wa Oktoba 2024 mwanamke mmoja alifariki kisha ya upasuaji wa kunyonya mafuta mwilini, na baraza linalosimamia wanganga wa Kenya likafunga kliniki. Haikuwa sindano ya macho, lakini fundisho ni lile lile: serikali inaweza kufunga mlango, ila inaufunga mtu akiwa amekwisha kuzikwa.

Ngozi yetu, na kremu zetu

Kwa ngozi nyeusi kuna mambo mawili ya kusema. Kwanza, kila tundu la sindano ao jeraha linaweza kuacha doa jeusi, na mwenye kuota makovu makubwa lazima amwambie munganga mapema.

La pili ni kremu za kujichubua. Nyingi zina hidrokinoni ao steroidi kali. Steroidi inazidi kuipunguza ngozi ambayo tayari ni nyembamba, mishipa inaonekana, na shimo linazidi kuwa jeusi. Ikipakwa karibu na macho kwa muda mrefu, inaweza kuleta mtoto wa jicho na kupandisha mgandamizo wa jicho, ugonjwa unaopofusha kimya kimya. Hidrokinoni nayo, ikitumiwa miaka, inaweza kuacha weusi wa bluu kwenye mashavu na chini ya macho, usioondoka tena. Kuna mama anayetafuta sindano ya kurekebisha kile ambacho kremu yake ya kila siku inaendelea kuharibu. Dawa ya kwanza kwake ni kuacha kremu, tena kwa kufuatwa na munganga wa ngozi, kwa sababu kuacha steroidi ghafla kunaweza kuwasha uso.

Maswali ya kuuliza kabla ya kukaa kwenye kiti

– Wewe ni munganga? Umeandikwa kwenye Ordre des médecins? Ulijifunza wapi sindano za chini ya macho?
– Dawa inaitwa nani? Ifungue mbele yangu, nione boksi, tarehe ya mwisho na namba ya kiwanda. ACOREP ndiyo mamlaka ya taifa inayosimamia dawa na bidhaa za afya. Boksi lisilo na jina wala namba lisiguse uso.
– Hialuronidaze iko hapa leo? Nionyeshe.
– Nikiona giza, nitapelekwa kwa munganga gani wa macho, na kwa gari gani?
– Usiku nikivimba, nitaita namba gani?

Anayekasirika kwa maswali hayo amekwisha kujibu.

Kuna pia wasiopaswa kupigwa sindano hiyo: mama mwenye mimba ao anayenyonyesha, mwenye kidonda ao maambukizi usoni, aliyewahi kuvimba kwa dawa ya namna hiyo, na kijana ambaye uso wake bado unakua. Anayekunywa aspirini ao dawa ya kupunguza damu aseme mapema, na asiiache bila ruhusa ya aliyemwandikia. Huko Uingereza, toka tarehe 1 Oktoba 2021, ni kosa kumpiga sindano za urembo wa uso mtu asiyetimiza miaka 18.

Kwa asiyetaka sindano

Kwa mfanyakazi wa zamu, usingizi wa mchana katika chumba chenye giza unasaidia, na kulala kichwa kikiwa juu kidogo kunapunguza uvimbe wa asubuhi. Miwani ya kazi inazuia vumbi, na kutibu mizio kunaondoa hamu ya kusugua macho. Kitambaa chenye maji baridi kinasaidia kwa saa chache. Kupima damu kunaonyesha kama chuma kimepungua. Kofia inazuia jua lisiongeze rangi. Poda inayofanana na ngozi inaficha kivuli, na jioni inaoshwa.

Hakuna kati ya hivyo kitakachojaza shimo la urithi. Lakini shimo la urithi halijawahi kumzuia mtu kuona. Anayeamua kulijaza ana haki yake, na aende mahali ambapo munganga, boksi na dawa ya kuyeyusha viko pamoja. Kama kimoja hakipo, aondoke na macho yake mawili.